Buni Bila Finjani: Kahawa ya Gusii na Desturi za Kuiandaa Kutoka Uhabeshi hadi Nyanza

Kiswahili kina maneno mawili ya asili mbalimbali kwa zao moja. Kinywaji huitwa kahawa. Tunda na punje yake huitwa buni, na mti unaozaa buni ni mbuni. Neno la kwanza latokana na Kiarabu, qahwa. La pili nalo lilipitia Kiarabu, bunn, lakini nyuma ya Kiarabu lina jamaa zake katika lugha za Uhabeshi: Waamhara na Waoromo husema buna, na Wakafa, ambao mara nyingi hutajwa kuwa ndio walioipa kahawa jina lake, wao wenyewe husema buno. Mtu akiyaweka maneno haya mezani ataona kwamba nadharia ile iliyozoeleka, kwamba kahawa ni jina la nchi ya Kaffa lililogeuzwa kidogo, ina udhaifu mkubwa. Ingekuwa ajabu jina la nchi litumiwe na wageni wote ulimwenguni isipokuwa wenye nchi. Zaidi ya hayo, neno qahwa lilikuwako katika Kiarabu kabla ya kinywaji hiki kujulikana, likitumika kwa mvinyo, na wanaleksikografia wa Kiarabu walilihusisha na maana ya kukosa hamu ya chakula. Yaelekea basi kwamba Waarabu walilichukua tunda pamoja na jina lake kutoka ng'ambo ya Bahari ya Sham, kisha wakakipa kinywaji jina la kwao.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Pale watu walipoipokea kahawa kama kinywaji, waliipokea pamoja na vyombo, utaratibu wa kuandaa, mpangilio wa kuketi na majina ya hayo yote. Pale ilipoletwa kama zao la biashara, mti ulikuja peke yake. Makala haya yanaichunguza nchi ya Wagusii, yaani wilaya za Kisii na Nyamira kama zilivyoitwa kabla ya kuwa kaunti mwaka 2013, ambako kahawa imelimwa tangu miaka ya 1930 bila kupata nafasi katika desturi za kumpokea mgeni. Maelezo ambayo husikika mara kwa mara ni kwamba Mwafrika wa bara haipendi kahawa kwa sababu ni chungu. Maelezo hayo ni mepesi mno, na historia ya majirani wa Wagusii yatosha kuyakanusha.

Yafaa kuanza Uhabeshi. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba kahawa aina ya arabika asili yake ni misitu ya milima ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kile kisa cha mchungaji aliyewaona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu hakikuandikwa Ethiopia. Kilichapishwa Roma mwaka 1671 na mtaalamu wa madhehebu ya Kimaroni, Antoine Faustus Nairon, na jina la Kaldi ambalo mchungaji huyo analo sasa liliongezwa baadaye na waandishi wengine. Ni hadithi nzuri, lakini haimwambii mtafiti lolote juu ya Waoromo na Wakafa, ambao walikuwa wakilitumia tunda hilo kwa namna zao. Ushahidi ulio imara zaidi ni wa Yemen, ambako katika karne ya 15 Masufi waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikiri. Kutoka kwao ilienea Makka na Kairo, wala haikuenea bila ugomvi. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, mkuu wa Makka chini ya utawala wa Mamluki, aliipiga marufuku, na agizo lake likatenguliwa upesi kutoka Kairo.

Utaratibu wa Ethiopia wa kuandaa kahawa unajulikana sana siku hizi, na unastahili kuelezwa kwa ukamilifu kwa sababu ndio kipimo ambacho wengi hukitumia wanapozungumzia mila ya kahawa. Mwenye kuandaa ni mwanamke wa nyumba. Majani mabichi hutandazwa sakafuni, ubani huwashwa katika chetezo, na mkaa huwekwa mbele ya wageni. Buni mbichi huoshwa, kisha hukaangwa katika bamba la chuma mpaka zigeuke rangi na kutoa mafuta, na mwandaaji hulizungusha bamba lile lenye moshi ili kila aliyeketi auvute kwake kwa mkono na kunusa. Ndipo buni hutwangwa katika kinu, na unga wake hutiwa katika jebena, chungu cha udongo mweusi chenye shingo ndefu, pamoja na maji. Kahawa humiminwa kutoka juu, kwa mkondo mwembamba usiokatika, katika vikombe vidogo visivyo na mkono viitwavyo sini, ambalo ni jina la nchi ya China vilikotoka vya mwanzo. Katika Kitigrinya kikombe hicho huitwa finjal. Mwenyeji wa Lamu au Unguja hatahitaji kutafsiriwa neno hilo, kwani kwake ni finjani, na wote wawili wamelipokea kutoka mlango mmoja wa Kiarabu.

Mizunguko ni mitatu, kwa unga ule ule unaoongezwa maji: wa kwanza huitwa abol, wa pili tona, na wa tatu baraka. Wa kwanza ndio mzito, wa tatu ni mwepesi karibu na maji, lakini kuondoka kabla ya baraka huhesabiwa kuwa utovu wa adabu, maana baraka ndiyo iliyowakalisha watu. Bisi au shayiri iliyokaangwa huliwa pamoja nayo. Wengine hutia sukari, wengine chumvi, na katika baadhi ya sehemu za mashambani siagi. Shughuli yote hupita saa nzima, na katika muda huo habari za mtaa husemwa, ugomvi husuluhishwa, na mgonjwa huulizwa hali. Mtu anaweza kukisoma kinywaji hiki kama sentensi yenye sehemu zake. Ukiondoa moja, maana hupungua.

Hata hivyo utaratibu huu si wa tangu na tangu kwa Wahabeshi wote. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia kwa muda mrefu liliwazuia waumini wake kunywa kahawa, kwa kuiona kuwa ni kinywaji cha Waislamu na cha wafuasi wa dini za jadi. Ulegevu ulianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 19, zama za Mfalme Menelik II, aliyetawala mpaka mwaka 1913 na ambaye yeye mwenyewe aliinywa. Kwa maneno mengine, mkusanyiko ambao leo hutolewa kama nembo ya taifa zima ulipenya katika nyumba za Wakristo wa nyanda za juu katika kipindi ambacho, kwa kipimo cha historia, si cha mbali. Jambo hili lahitaji kukumbukwa tutakapofika Nyamira.

Kabla ya hapo yapo mataifa matatu ya Afrika Mashariki yasiyoruhusu kusemwa kwamba bara halikujua kahawa. La kwanza ni Waborana, ambao wako Ethiopia na pia kaskazini ya Kenya, Marsabit na Isiolo. Hao hawaanzi kwa kusaga. Tunda kavu huchukuliwa zima pamoja na ganda lake, hung'atwa ncha, kisha hukaangwa katika samli, na tendo hilo huitwa buna qalaa, yaani kuchinja buni. Neno la kuchinja limechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu buni hapo husimama badala ya mnyama wa sadaka, na sala na maombi ya mvua na amani huandamana nayo. Samli hupakwa mwilini, na buni hutafunwa. Wala si ajabu mti huu kuheshimiwa hivyo katika nchi hiyo, kwani arabika imeonekana ikiota katika msitu wa Mlima Marsabit, ingawa wataalamu wa mimea wamejadili kama imekuwapo hapo tangu asili au ililetwa na watu.

La pili ni Waswahili wa mwambao. Huko kahawa ilikuja pamoja na Waarabu wa Yemen na Oman, na vyombo vyake vikapewa majina ambayo wasomi wa Kiswahili wanayafahamu: dele au mdila, birika la shaba lenye mdomo mrefu lililotokana na dalla ya Kiarabu, na finjani. Kahawa chungu hutiwa tangawizi au iliki, huandamana na tende, halua au kashata, na hunywewa barazani baada ya sala, katika maulidi na katika matanga. Muuza kahawa hutembea na birika lake juu ya mkaa, akigonganisha vikombe mkononi, na mlio huo ndio tangazo lake. Tofauti na Ethiopia, mwenye kuandaa kahawa ya baraza ni mwanamume, na mahali pake ni nje ya mlango, palipo mpaka wa nyumba na njia. Tofauti hiyo haijachunguzwa vya kutosha na wale wanaoandika juu ya baraza kama chuo cha lugha. Mashairi mengi na mafumbo mengi ya mwambao yalisikika kwanza mbele ya mdila.

La tatu ni Wahaya wa Bukoba na jirani zao Waganda, nao kwa hoja ya makala haya ndio muhimu kuliko wote, kwa kuwa wanakaa kando ya ziwa lile lile ambalo Wagusii hulitazama kutoka milimani kwao. Kahawa yao ni ya aina nyingine, robusta, iliyo ya asili ya nchi za ziwa. Jina lake halikutoka Kiarabu: kwa Wahaya ni amwani, kwa Waganda ni emmwanyi. Matunda huchemshwa, hukaushwa, na hutafunwa. Mgeni akiingia nyumbani hutolewa buni katika chombo kidogo kilichofumwa kabla ya kuulizwa haja yake. Na katika udugu wa kuchanjia, uitwao omukago, punje mbili zinazokaa katika tunda moja ndizo zilizotiwa damu ya kila mmoja na kumezwa na mwenzake. Mfano huo haukuhitaji ufafanuzi, maana punje mbili zilizolala uso kwa uso ndani ya ganda moja ni picha ya ndugu. Huko Buhaya watawala waliushikilia upandaji wa miti hii kama haki yao, na hilo lenyewe laonyesha thamani yake kabla ya Mzungu yeyote kuitia katika mizani ya biashara.

Basi kusema kwamba Mwafrika wa bara hakuona ladha katika kahawa ni kufumbia macho Marsabit upande mmoja na Bukoba upande mwingine. Gusii iko katikati, na swali lililobaki ni kwa nini huko buni ilifika bila finjani.

Jibu lataka kufuatwa katika njia ya mti wenyewe, na njia hiyo ni ya kuzunguka kweli kweli. Kutoka Ethiopia arabika ilivuka hadi Yemen. Kutoka Yemen, mwanzoni mwa karne ya 18, Wafaransa waliipeleka katika kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa ni Réunion. Kutoka huko, kama inavyosimuliwa katika historia za kilimo cha Kenya, mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu waliileta Bura katika milima ya Taita mwaka 1893, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imekwisha pandwa katika misheni yao ya St. Austin's karibu na Nairobi. Mbegu ya huko ilienea sana katika mashamba ya walowezi hata ikaitwa French Mission. Kwa hiyo mti uliotoka nchi jirani uliingia Kenya baada ya kuzunguka Bahari ya Hindi, ukiwa na jina la Wafaransa na ukiwa mali ya mlowezi.

Wakati huo Wagusii walikuwa na mambo mengine. Waingereza waliwashambulia mwaka 1905 na tena mwaka 1908, mara hii ya pili baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki afisa G. A. S. Northcote, katika tukio ambalo masimulizi ya Gusii hulihusisha na mtabiri Moraa. Misheni ya Kikatoliki ilifunguliwa Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista, waliokuwa wamekwisha kufika Gendia kando ya ziwa mwaka 1906, wakaweka kituo Nyanchwa muda mfupi baadaye. Jina la Nyanchwa lina uzito wake katika habari hii, na litarudi.

Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kulima kahawa. Walowezi walikuwa na sababu zao za kutoa hadharani: kwamba magonjwa yangeenea kutoka mashamba yasiyotunzwa, kwamba buni zingeibwa na kuuzwa kama mazao ya mwenye shamba dogo, kwamba ubora wa kahawa ya Kenya ungeshuka sokoni London. Sababu waliyoitaja kwa sauti ya chini ni vibarua. Mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine. Jambo la kutazamwa ni kwamba ng'ambo ya mpaka, Uganda na Tanganyika, Waafrika walikuwa wakilima, na Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1920. Hoja ya magonjwa ilikuwa ngumu kuitetea mbele ya mfano huo.

Hatimaye, mwaka 1933, serikali ilikubali kufanya jaribio, na kanuni zake zikatolewa mwaka 1934. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa tatu: Embu, Meru na Kisii. Zilichaguliwa si kwa sababu udongo wake ulizidi wa Kiambu au Nyeri kwa ubora, bali kwa sababu zilikuwa mbali na mashamba makubwa ya kahawa ya Wazungu. Eneo liliwekewa mipaka, mkulima alipaswa kuwa na ruhusa, miche ilitoka katika vitalu vya serikali, na bwana shamba alikuwa na mamlaka ya kuingia na kukagua. Hivi ndivyo kahawa ilivyoingia Gusii. Iliingia kwa karatasi na kwa hesabu ya miche, wala hapakuwa na mgeni aliyekuja na mdila wake.

Mapokezi ya mwanzo yalikuwa ya wasiwasi. Wengi walihofu kwamba ardhi ikishapandwa mti wa Mzungu, Mzungu atakuja kuufuata mti wake. Hofu hiyo imewahi kuelezwa kana kwamba ni ujinga wa watu wasioelewa maendeleo, lakini mwenye kuisoma miaka hiyo kwa makini ataona kwamba Wagusii walikuwa na macho. Mipakani mwao, Sotik na Kericho, ardhi ilikuwa imekwisha kutwaliwa kwa mashamba ya walowezi na ya makampuni ya chai. Na huko Kakamega, dhahabu ilipovumbuliwa, sheria ya mwaka 1930 iliyowaahidi Waafrika ulinzi wa ardhi zao ilirekebishwa mwaka 1932 ili wachimbaji wapate nafasi. Ahadi iliyodumu miaka miwili haimfanyi mtu awe mwepesi wa kuamini ya pili. Waliothubutu kwanza walikuwa machifu na watu waliosoma misheni, na miongoni mwao anatajwa Musa Nyandusi, chifu wa Nyaribari. Hao walikuwa na nguvu ya kujilinda, na pia walikuwa na wajibu wa kuonyesha mfano kwa serikali iliyowaweka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vizuizi vilipungua, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukafungua mlango kabisa. Hapo kahawa ilienea upesi Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge na Mugirango, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenya kando ya mito. Katika sehemu za juu zaidi, hasa upande wa Nyamira, chai ilikuja kushika nafasi kubwa.

Utaratibu wa kazi kiwandani unaeleza mambo mengi. Buni nyekundu huchumwa, hubebwa siku hiyo hiyo, humwagwa juu ya magunia na kuchaguliwa ili mbichi na zilizokauka zitolewe, hupimwa, na mwenye nazo hupewa karatasi. Baada ya hapo hazioni tena. Humenywa kwa mashine, huvundikwa, huoshwa kwa maji mengi, huanikwa, na zikiwa bado katika ganda lake jepesi hupelekwa kukobolewa na kuuzwa kwa mnada Nairobi. Malipo huja baada ya miezi. Katika hatua zote hizo hakuna hata moja ambapo punje iliyo tayari kukaangwa yamo mikononi mwa mke wa mkulima. Tena sheria ya kahawa ilidai leseni kwa kununua, kukoboa na kusafirisha, hata mtu akawa na miti mia nje ya mlango wake bila kuwa na haki ya wazi ya kuigeuza mazao yake mwenyewe kuwa bidhaa. Ulinganisho na Bukoba uko wazi. Robusta ya Mhaya ilikuwa ya kutafunwa kabla haijawa ya kuuzwa. Arabika ya Mgusii ilianza na kuuzwa.

Hii ndiyo sababu ya kwanza, na kwa hakika ndiyo kubwa. Ya pili inahusu dini. Waadventista wa Sabato wana wafuasi wengi sana Gusii, na mafundisho yao juu ya afya yamewahimiza waumini tangu karne ya 19 kujiepusha na pombe, tumbaku, kahawa na chai. Hivyo ilitokea kwamba muumini alilima na kuuza kile alichofundishwa asinywe. Mtu mwenye mzaha angeona unafiki katika jambo hilo, lakini mkulima aliyelipia ada ya shule kwa kahawa hakuhitaji kuionja ili ajue thamani yake. Hata hivyo sababu ya dini peke yake haitoshi. Katazo lile lile liliitaja chai, na chai imeingia katika kila nyumba, na nyumba za waumini hazikusalimika. Tena tumekwisha kuona kwamba katazo la Kanisa huko Ethiopia halikuzuia kahawa milele. Katazo hushinda pale tu linapokuta kinywaji kisicho na wenyewe.

Chai ilikuwa na wenyewe. Makampuni ya Kericho, Brooke Bond yakiwa mojawapo, yalikuwa na hamu ya kuuza ndani ya nchi, na majani yalifika madukani katika pakiti ndogo, yakiwa tayari. Kilichotakiwa ni sufuria moja, maji, maziwa na sukari. Na maziwa nyumba ya Mgusii ilikuwa nayo. Hapakuwa na kukaanga, kutwanga wala kuchuja machicha. Kahawa ilidai vyombo vinne ambavyo hakuna aliyevileta.

Lakini kuna kiti cha zamani ambacho vinywaji hivi vyote vilikikuta kimekaliwa, na hilo ndilo jambo ambalo waandishi wa historia ya mazao hulisahau. Wagusii walikuwa na utaratibu wao kamili wa kinywaji, nao ni wa amarwa, pombe ya wimbi. Uchunguzi wa Philip Mayer katika miaka ya 1940, na wa Robert na Barbara LeVine katika kijiji walichokiita Nyansongo katika miaka ya 1950, unatuonyesha jamii ambamo pombe hii ilikuwa nguzo ya mikutano ya wazee. Wanawake ndio walioipika. Wazee walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji moto yaliongezwa kadiri kinywaji kilivyopungua. Nafasi ya kuketi ilifuata umri na ujamaa. Mashauri ya mahari, mipaka ya ardhi na ugomvi wa koo yaliendeshwa hapo, na wahenga nao hawakusahauliwa.

Mtu akiyatazama haya pamoja na yale ya Ethiopia ataona ufanano usiohitaji kulazimishwa: mwanamke anayeandaa, chombo kimoja kinachowakusanya wengi, maji yanayoongezwa mara kwa mara ili kikao kirefuke, na aibu ya kuondoka mapema. Kazi ambayo buna inaifanya katika nyumba ya Mworomo, amarwa iliifanya katika nyumba ya Mgusii. Kahawa haikuwa na nafasi ya kujaza, kwa sababu nafasi haikuwa wazi. Ilipokuja kuwa wazi, kwa nguvu ya misheni na ya amri za serikali dhidi ya pombe za kienyeji, chai ilikuwa imekwisha kufika mlangoni. Ndiyo maana mgeni wa leo Keroka au Ogembo hukaribishwa chai ya maziwa, na kumwacha aende bila chai ni jambo la kuombewa radhi.

Lugha imeyahifadhi haya yote. Ekegusii halikuwa na jina la kahawa la kwao kama amwani ya Wahaya. Lilichukua neno kutoka Kiswahili na kulifinyanga, hasa katika sauti h, ambayo si ya asili katika lugha hiyo. Halikuchukua finjani, wala mdila, wala dele. Mkopo huu wa neno moja bila ukoo wake ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu nyingi za ofisini: watu huazima majina ya vitu wanavyovitumia, na Wagusii walikuwa na haja ya jina la mti na la zao tu. Kiswahili nacho kina kichekesho chake. Mkahawa, nyumba ya kuuzia kahawa, katika miji ya bara ni jina la mahali ambapo mtu huenda kunywa chai.

Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, na miaka miwili iliyofuata bei ilipanda kiasi ambacho wazee wa Gusii hukitumia kama alama ya kuhesabia miaka. Mwezi Julai 1989 mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ikaanguka. Sheria ilikataza kung'oa mibuni bila kibali, basi wengi hawakung'oa. Waliiacha isitiwe dawa wala isipogolewe, wakapanda migomba na mahindi katikati yake. Katika nchi ambayo mashamba yalikuwa yamekwisha kugawanywa mara nyingi kati ya wana, mti usiolipa na usioliwa haukuwa na mtetezi. Mibuni ya Buhaya nayo iliumizwa na bei, lakini iliendelea kuwa na kazi nyingine nyumbani. Ya Gusii ilikuwa na kazi moja.

Limebaki neno mbuni lenyewe. Kamusi hutufundisha kwamba mbuni ni mti, kama mchungwa ulivyo mti wa chungwa. Viwandani Gusii, na kote Kenya kunakolimwa kahawa, maana imehama. Mbuni ni yale matunda yaliyokataliwa wakati wa kuchagua, au yaliyokaukia mtini, ambayo mkulima huyaanika nyumbani pamoja na ganda lake na kuyauza mwisho wa msimu kwa bei ndogo. Neno limepanda hadi kwenye mnada wa Nairobi, ambako madaraja ya kahawa huandikwa kwa herufi za Kiingereza: AA, AB, PB, C na kuendelea. Chini kabisa ya orodha ziko MH na ML, na M hiyo ni mbuni, nzito na nyepesi. Ndilo neno pekee la Kiswahili katika orodha hiyo, nalo ni uzao wa buna ya Uhabeshi. Namna hiyo ya kuanika tunda zima juani, inayopewa daraja la mwisho Nairobi, ndiyo waliyoitumia Waethiopia na Wayemeni tangu mwanzo. Na ndiyo kahawa pekee ambayo mkulima wa Gusii huikausha kwa mikono yake, katika ua wake mwenyewe.